Unataka kupanga DNA juu ya mika? Achana na mchoro kwanza

Wanaoingia kwenye origami ya DNA, yaani kukunja uzi wa DNA hadi uwe umbo dogo mno, karibu wote hukimbilia kompyuta. Wanachora nyota, wanachora ramani, wanachora herufi za majina yao. Siwalaumu. Tangu Paul Rothemund wa chuo cha Caltech, Marekani, atoe mwaka 2006 vile visura vinavyotabasamu, vyenye upana wa takriban nanomita 100, nani asiyetaka chake? Lakini wadogo zangu wa maabara wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na uso ambao hilo umbo litakaa juu yake: kwetu ni mika, madini yanayochunika tabaka kwa tabaka.

Kukunja kwenyewe kumekuwa rahisi. Unachukua uzi mmoja mrefu wa DNA, mara nyingi ule wa virusi vya M13 wenye herufi 7,249, unauchanganya na vipande vifupi zaidi ya mia mbili, unapasha moto hadi karibu nyuzi 95, unaacha upoe taratibu. Kila kipande kifupi kinashika sehemu mbili tatu za uzi na kuzikutanisha, basi umbo linajitengeneza. Programu ya caDNAno itakupangia vipande. Mashine ya PCR itakupasha na kukupozea wewe ukiwa unakunywa chai.

Kazi inaanza kwenye kutua. DNA ina chaji hasi, na mika nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinakataana. Kinachozipatanisha ni magnesiamu, yenye chaji chanya mbili: inashika huku na huku. Bufa yetu ya kawaida, yaani ule myeyusho wa kuwekea DNA, ina milimola 12.5 za magnesiamu kwa lita. Ukisuuza kwa bufa isiyo nayo, maumbo yako yanaondoka na maji. Tena uangalie EDTA, kemikali ya kushika metali, iliyomo kwenye bufa yako, maana kila milimola yake inanyakua milimola nzima ya magnesiamu. Piga hesabu kabla ya kumlaumu aliyekuuzia DNA.

Mika yenyewe ichune muda uleule wa kuitumia. Bandika seloteipu, bonyeza, vuta kwa mkupuo mmoja. Kisha usitazame mika, tazama seloteipu: tabaka lililobaki pale likiwa zima, uso wako ni safi, likiwa limechanika, rudia. Dondosha mikrolita chache za sampuli, ngoja dakika kadhaa, ongeza bufa, peleka kwenye hadubini ya nguvu za atomi, ile inayopapasa uso kwa ncha kali, sampuli ikiwa bado na majimaji. Ukikausha vibaya utapiga picha za chumvi, na chumvi ina maumbo mazuri ajabu yasiyo na maana yoyote.

Maumbo yakisukumwa na ncha ya hadubini, ongeza nikeli kidogo. Nasema kidogo! Ikizidi, kila umbo linaganda pale pale lilipoangukia, hata kama limejipinda vibaya. Na kama lengo lako ni maumbo yajipange safu kwa safu, unataka kinyume chake: sodiamu hulegeza mshiko, yakateleza hadi yakapata nafasi zao.

Origami ya umbo la mstatili nayo ina tabia ya kugandana na wenzake ubavuni, ukapata treni badala ya vigae. Usiweke vipande vifupi vya pembeni, au viongezee mikia ya herufi T za DNA.

Kwenye silikoni mchezo ni mwingine. Mwaka 2009 watafiti wa IBM na Caltech walichonga kwanza madoa yenye ukubwa na umbo la origami, yakawa ndiyo yanayoshika na kwingineko hakushiki. Kufikia 2016 Ashwin Gopinath, Rothemund na wenzao walikuwa wanaweka origami zenye chembe za kutoa mwanga ndani ya vijitundu 65,536, kila kimoja kikiwa na idadi waliyoitaka, wakachora navyo nakala ndogo ya mchoro wa Van Gogh.

Kwa mara ya kwanza agiza ile pembetatu ya Rothemund. Mpangilio wa vipande vyake uko wazi kwenye viambatisho vya makala yake ya 2006, haigandani ovyo, na ikitua vibaya utaiona mara moja. Chuja vipande vilivyobaki kabla ya kudondosha, maana navyo vinagombania mika ileile.