Mkopo wa kadi usio na riba Uingereza: jibu langu kwenu nyumbani

Ndugu zangu, mmeniuliza zaidi ya mara moja kama ni kweli kwamba benki za Uingereza humkopesha mtu kwa kadi bila riba, na kama ni kweli, kwa nini sichukui mkopo huo tukanunua kiwanja. Mkopo huo upo, nami ninaulipa hivi sasa, ndiyo maana nataka mwelewe unavyofanya kazi.

Mtu mwenye deni la pauni 2,000 kwenye kadi inayotoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka hudaiwa takriban pauni 40 za riba kila mwezi, hivyo akilipa pauni 50, deni lenyewe hupungua kwa pauni 10 tu. Benki nyingine, ikitaka kumvuta mteja huyo, humpa kadi mpya inayolichukua deni lake na kuliacha bila riba kwa muda uliotajwa katika mkataba, ambao mara nyingi huzidi mwaka mmoja. Hutozwa ada mara moja: ikiwa ni asilimia 3, ni pauni 60, na akizigawa pauni 2,060 kwa miezi 20, humaliza kwa kulipa pauni 103 kila mwezi. Mimi nilifanya hivyo, na sijutii.

Njia mliyoisikia ninyi ni ya pili, ambapo kadi huhamishia fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mkopaji, akazitumia apendavyo. Si kadi zote zinazoruhusu jambo hilo, na kwa kawaida ada yake huwa kubwa kuliko ile ya kuhamisha deni. Msiichanganye na kutoa fedha kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, kwani huko riba huanza kuhesabiwa siku ileile.

Unafuu huu una masharti makali. Kila mwezi kuna kiwango cha chini cha kulipa, na anayechelewa hata mara moja anaweza kunyang'anywa ile nafuu ya riba, jambo lililonipata katika kadi yangu ya kwanza nilipobadilisha akaunti ya mshahara nikasahau kuiarifu benki. Tangu hapo malipo yangu hukatwa yenyewe siku moja baada ya mshahara kuingia. Muda wa nafuu ukiisha, kiasi kilichobaki huanza kutozwa riba ya kawaida, ambayo mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Anayeshindwa kabisa kulipa, kushindwa huko hubaki katika kumbukumbu zake za mikopo kwa miaka 6, na wakopeshaji wengine huziona.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizonikwamisha nilipofika, kwa sababu sikuwa nazo kabisa. Hakuna benki iliyojali nilivyolipa mikopo yangu huko nyumbani. Kilichonisaidia, na nawaomba wanaojiandaa kuja wakikumbuke, ni kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, nalo hutumiwa na wakopeshaji kuthibitisha jina na anwani.

Sasa kuhusu kiwanja. Nikikopa pauni 3,000 kwa ada ya asilimia 4, nitalazimika kurudisha pauni 260 kila mwezi kwa mwaka mzima, wakati baada ya kodi ya nyumba, nauli na chakula sibakiwi na kiasi hicho. Kiwanja nacho hakitaingiza chochote ndani ya mwaka huo cha kunisaidia kulipa. Kwa hiyo sitakopa, na naomba msilichukue hilo kuwa ni kuwanyima. Deni nililo nalo linaisha mwezi wa tatu. Kuanzia wa nne, zile pauni 103 ninazolipa benki nitazituma kwa Mama kila mwezi, azitunze kwa ajili ya kiwanja hicho.