Goti limegoma, darasa linaendelea

Maswali ya wasomaji: yoga

SWALI: Nafundisha yoga Mombasa, nina miaka 54 na madarasa manne kwa wiki. Gegedu (mto laini kati ya mifupa) la goti langu la kulia limelika. Sikalii visigino tena, kukunja miguu sakafuni siwezi, na mkao wa shujaa nikiushikilia, goti linanisumbua usiku kucha. Wanafunzi wamezoea kunitazama na kuniiga. Niache kazi? Na mazoezi yangu niyafanyeje?

JIBU: Kazi usiache, Mwalimu. Unachopaswa kuacha ni kuonyesha kila kitu kwa mwili wako.

Tuanze na mazoezi yako. Kila mkao una kazi yake mwilini, na umbo ni njia tu ya kuifikia. Kukalia visigino, kwa mfano, kuna kazi mbili: kusimamisha mgongo na kuvuta misuli ya mbele ya paja. Ya kwanza utaipata kitini. Ya pili, lala kwa ubavu wa kushoto, pitisha kanga kwenye kifundo cha mguu wa kulia, kunja goti mpaka pale linapokubali bila ugomvi, kisha rudisha paja nyuma kutokea nyonga. Usilazimishe kisigino kifike kalioni. Goti likikunjwa mpaka mwisho, kilegesambwa (mfupa mdogo wa mbele ya goti) hugandamizwa sana kwenye mfupa wa paja, na hapo ndipo gegedu lililolika hulalamika. (Kanga ni nzuri kuliko mtandio wa kunyumbuka: haivutiki, kwa hiyo unajua umeshika wapi.)

Mkao wa shujaa wa pili (miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa) usiutupe, kwa sababu misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolilinda goti lako. Tafuta kiti cha mbao au cha chuma chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kiweke juu ya mkeka wa yoga, mgongo wake ukutani. Kile kiti cheupe cha plastiki cha harusini hakifai: miguu yake hutanuka kwenye vigae mtu akielemea upande mmoja. Kaa ukingoni, paja la mguu wa mbele likiwa limelala juu ya kiti, unyayo mzima sakafuni, ugoko wima. Mguu wa pili unyooshe pembeni. Unyayo wa mbele ukining'inia, weka blanketi lililokunjwa chini yake. Vuta pumzi tano hapo. Kisha kandamiza nyayo zote mbili na uinue makalio, nafasi ya kupitisha kidole tu kati yako na kiti, kwa pumzi mbili, halafu kaa. Rudia mara nne kila upande.

Kosa la kawaida hapa ni goti la mbele kuangukia ndani, kuelekea mguu mwingine. Kipimo chake ni rahisi: ukitazama chini, kidole gumba cha mguu kionekane upande wa ndani wa goti. Kama hukioni, goti limeingia ndani na kiungo chake kinasokotwa.

Kwa siku ambazo goti limekasirika, kaa sakafuni mguu ukiwa umenyooka, weka chini ya goti taulo iliyoviringishwa unene wa kifundo cha mkono, na ikandamize kwa nyuma ya goti sekunde 5. Fanya mara 10. Ni zoezi dogo linaloonekana la kijinga, lakini linaamsha misuli ya paja bila kulikunja goti hata kidogo.

Kiasi gani cha maumivu kinavumilika? Kwa kipimo cha 0 hadi 10, usipite 3 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa kabla. Likiamka limevimba, jana ulizidisha: punguza muda au idadi. Goti likinasa, au likikuachia ghafla unapotembea, hilo ni la daktari.

Sasa darasa. Usiyafiche maradhi yako. Mwalimu mwenye goti bovu huegemea mguu mzima bila kujua, na wanafunzi wanaoiga kwa macho huegemea naye; baada ya mwezi nusu ya darasa imeinamia kushoto. Waambie mapema: "Goti langu halikunji, kwa hiyo nitaongoza kwa maneno."

Maneno yenyewe yana mpangilio. Anza na kinachogusa sakafu, kisha mwelekeo, kisha mahali pa kukomea. Tendo moja, sentensi moja: "Rudisha mguu wa kushoto nyuma, hatua moja kubwa. Kandamiza kisigino. Kunja goti la mbele. Komea pale unapoona kidole gumba." Halafu nyamaza kwa pumzi mbili. Walimu wengi wanaoanza kufundisha kwa maneno hujaza kila sekunde kwa sauti, na mwanafunzi hapati nafasi ya kutenda alichosikia. Suala la kushoto na kulia huchanganya watu kila siku, kwa hiyo taja vitu vya chumbani: "geukia dirishani", "mkono wa upande wa bahari". Hii inafaa tu kama wote wametazama upande mmoja.

Panapohitajika mfano wa kuonekana, omba mwanafunzi mmoja kabla ya darasa asimame mbele. Usimchague mwenye viungo laini kuliko wote. Mchague mwenye mwili wa kawaida anayesikiliza, maana wenzake watajiona ndani yake. Wewe simama kwenye kona, uwaone kwa ubavu. Ukiwa unaonyesha, kichwa chini, huoni kitu. Ukiwa umesimama kando utaona mabega yaliyopanda na pumzi zilizobanwa ambazo ulikuwa ukizipita kila siku.

SWALI: Mwanafunzi mpya kwenye darasa langu Dodoma anatumia kiti cha magurudumu kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa kumuuliza, si kwa kukisia. Uliza jeraha liko usawa wa pingili ipi, wapi anahisi na wapi hahisi, na kama ana mpira wa mkojo. Funga breki kabla ya zoezi lolote. Kama makalio yake hayana hisia, ajiinue au aegemee upande mmoja kisha mwingine angalau kila baada ya nusu saa, kwani ngozi iliyokaliwa muda mrefu hutoboka kidonda bila yeye kujua. Kwa sababu hiyohiyo, usimwachie kanga imembana mguu, wala usimweke karibu na kitu cha moto.

Jeraha likiwa kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kuna hatari ambayo kila mwalimu lazima aijue. Kichwa kikimgonga ghafla, uso ukawa mwekundu au jasho likamtoka sehemu za juu, shinikizo la damu huenda linapanda kwa kasi. Usimlaze. Mkalishe wima, legeza mkanda na nguo zinazobana, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja, na piga simu ya msaada wa hospitali mara moja. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa.

Mikao ya kuanzia: viganja juu ya mapaja, akandamize chini na kurefusha mgongo. Mkono mmoja ushike gurudumu, mwingine uelekee juu na pembeni. Kuinama mbele kufanyike mbele ya meza, mikono ikiwa juu yake, kwa sababu bila misuli ya tumbo anaweza kushindwa kujirudisha. Usimteremshe sakafuni mpaka awe amekuelekeza namna yake na mko watu wawili mnaojua.

Na usifikiri ni yoga ya kuazima. B.K.S. Iyengar (1918–2014) wa Pune, India, alieneza matumizi ya viti, mikanda na matofali ya mbao kwa miili ya kila aina. Huko Marekani, Matthew Sanford, aliyepooza kuanzia kifuani tangu ajali ya gari mwaka 1978 akiwa na miaka 13, amekuwa mwalimu wa yoga kwa miaka mingi.

SWALI: Mikono hufa ganzi katika mkao wa mbwa (viganja na nyayo sakafuni, makalio juu). Nifanye nini?

JIBU: Angalia vidole vipi. Ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati huashiria neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na cha pete mara nyingi huelekeza kwenye kiwiko. Vyovyote vile, hamia mezani: viganja ukingoni mwa meza nzito, rudi nyuma mpaka mwili ufanye pembe ya nyuzi 90 nyongani, magoti yamelegezwa kidogo. Mgongo unapata mvuto uleule na kifundo cha mkono hakibebi uzito. Ganzi ikikuamsha usiku, au vitu vikianza kukuponyoka mkononi, nenda kapimwe kabla ya kurudi sakafuni.