Kabla hujakilaumu kikokotoo, fungua faili lako

Mwalimu mmoja wa Iringa, binti niliyefundisha naye zamani, alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja: "Mama, mimi nastaafu mwakani. Hivi kwa kikokotoo hiki nitapata shilingi ngapi?" Alikuwa anaulizia ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu. Nikamuuliza barua yake ya ajira ya kwanza iko wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema labda iko kwa mama yake Kilolo, au labda ilipotea walipohama.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya ule ukimya wake. Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2025, nikiwa na miaka 60 kamili, na sasa naishi Uyole, Mbeya. Kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya hapo, kila tulipokaa walimu watu wazima tulizungumza asilimia ya pensheni tutakayolipwa kwa mkupuo. Mara 50, mara 25, mara 33. Sikumbuki hata siku moja tuliyokaa tukazungumza makaratasi, na makaratasi ndiyo yaliyokaribia kunila mimi.

Nianze na asilimia zenyewe, maana najua ndizo unazozitaka. Mfuko wetu wa pensheni, sisi watumishi wa umma, ni PSSSF. Ulianza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri anaongeza 15. Nasisitiza mshahara wa msingi, kwa sababu posho haziingii, na kuna watu wamezoea maisha ya posho hadi siku ya hesabu wanadhani wameibiwa. Ili upate pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi 180 au zaidi, yaani miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60.

Hesabu inakwenda hivi. Wanachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Wanazidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, halafu wanagawa kwa 580. Jibu ni pensheni yako ya mwaka mzima. Sehemu yake unalipwa kwa mkupuo, ndicho kile tunachokiita kiinua mgongo, na inayobaki unalipwa kila mwezi hadi unafariki. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 kwa wote. Tangu Januari 2025 sisi wengi wa serikalini tumepandishwa hadi 40. Kupata mkupuo, ile asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5.

Hiyo 12.5 imewachanganya watu wengi, hata wasomi. Kuna mwenzangu alikataa kabisa kuamini kwamba pensheni haikatiki baada ya miaka kumi na miwili na nusu. Haikatiki. Namba hiyo inatumika kupiga hesabu ya mkupuo tu. Ukifika miaka 90 utaendelea kulipwa.

Tuseme wastani wa mshahara wako ni milioni moja kwa mwezi na umetumikia miezi 420, yaani miaka 35. Pensheni ya mwaka inakuwa kama shilingi 8,689,655. Mkupuo ni shilingi 43,448,276, na kila mwezi unapokea 434,483. Kwa ile asilimia 33, mtu huyohuyo angepata mkupuo wa 35,844,828 na pensheni ya mwezi ya 485,172. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, iliyokuwa ikigawa kwa 540, ikichukua nusu na kuizidisha kwa 15.5, mkupuo ungefika milioni 72 na ushee, na pensheni ya mwezi 388,889. Naelewa kwa nini watu walilia mwaka 2018 kanuni zilipobadilishwa, hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ile. Milioni 72 na milioni 43 si kitu kimoja, na sitamwambia mtu asione uchungu.

Lakini asilimia huwezi kuibadilisha ukiwa umekaa Mwanjelwa. Miezi yako na mshahara wako unaweza kuvilinda. Kwa mfano uleule wa milioni moja, mwezi mmoja tu ukipotea kwenye kumbukumbu unapoteza shilingi 103,448 kwenye mkupuo na 1,034 kila mwezi, maisha yako yote. Na wastani wa mshahara ukishuka kwa laki moja kwa sababu daraja lako limechelewa, unapoteza zaidi ya milioni nne na laki tatu kwenye mkupuo na 43,448 kila mwezi. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu walio kazini: ukikosa mserereko, yaani kupandishwa daraja ulilocheleweshewa, ukiwa na miaka 52, usiseme "malimbikizo watanilipa tu". Malimbikizo ni deni la jana. Daraja lililochelewa litakufuata hadi uzeeni.

Sasa kisa changu. Niliajiriwa mwaka 1989, nikitoka Chuo cha Ualimu Mpuguso, nikapangiwa kijiji kimoja cha Mufindi. Sisi wa enzi zile serikalini tulikuwa hatukatwi michango. Kuchangia kulianza Julai 1999. Kwa hiyo taarifa yako ya michango ukiichapisha leo, utaona imeanzia hapo. Usishtuke. Utumishi wako wa kabla ya hapo unahesabika, na Serikali ilitoa hatifungani maalumu, yaani hati ya deni lake, ya shilingi trilioni 2.17 kufidia mfuko kwa deni la miaka hiyo. Ila wewe unatakiwa kuuthibitisha utumishi huo kwa karatasi, na karatasi yenyewe ni barua ya ajira ya kwanza.

Yangu ililowa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipasua paa la nyumba ya mwalimu, na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda likajaa maji. Nilianika nguo na vitabu vya watoto, zile karatasi zilizokuwa uji nikazitupa. Sikujua kwamba natupa miaka kumi. Pigeni hesabu wenyewe: miezi 120, kwa ule mfano wetu, ni mkupuo wa zaidi ya milioni 12, na pensheni ya 124,138 kila mwezi.

Nilipofikisha miaka 58 nikaanza kufuatilia. Ofisi ya kwanza niliyokwenda waliniambia niandike tu maelezo kwamba ilipotea, na nikaondoka nimefurahi. Mwaka mmoja baadaye nikaambiwa maelezo hayatoshi. Sina la kuongeza kuhusu ofisi hiyo isipokuwa kwamba nilipoteza mwaka. Nilipanda basi pale stendi ya Nane Nane mara tatu kwenda Mafinga, makao makuu ya Mufindi, na mara ya tatu kijana mmoja wa masjala, Mungu ambariki, alikubali kuingia stoo pamoja nami kwenye yale majalada ya zamani. Jalada langu lilikuwa chini kabisa, limeliwa na mende pembeni. Nakala ya barua ilikuwamo, mhuri unasomeka. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, na baridi ile ya Julai.

Tatizo la pili lilikuwa jina. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba. Baada ya ndoa, hati ya mshahara ikaanza kusoma jina la mume. Kitambulisho cha NIDA nacho kikachanganya yote mawili. Nilipohamia Rungwe mwaka 2006, michango ya miezi saba ikaingia kwa jina ambalo mfumo haukulitambua. Hati za mshahara za miezi hiyo ndizo zilizoniokoa, maana zilionyesha makato. Kina mama wenzangu, hili linatupata sisi zaidi. Kama majina yanatofautiana hata herufi moja, kaapie kwa wakili mapema, kisha peleka kiapo hicho kwa mwajiri na kwenye mfuko. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, hapo hakuna mjadala: inayotumika ni ile uliyoijaza ulipoajiriwa.

Basi fanya hivi, na ukiweza anza ukiwa na miaka 50, usingoje 59. Taarifa ya michango iangalie kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani, mwezi kwa mwezi, na kila pengo liandike pembeni. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja na za uhamisho, ziweke nakala sehemu mbili, moja nje ya nyumba yako. Mwalimu akumbuke pia kibali cha kustaafu kutoka Tume ya Utumishi wa Walimu. Na miezi sita kabla ya tarehe yako, barua ya taarifa ya kustaafu iwe imefika kwa mwajiri na wewe una nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, hiyo ni hadithi tu.

Kuna haki ambazo hazitoki kwenye mfuko na watu huzisahau. Nauli yako na ya familia pamoja na kusafirisha mizigo hadi nyumbani ni wajibu wa mwajiri. Bima ya afya ya NHIF nayo inaendelea kwako na kwa mwenza wako bila makato. Ulizia kadi mpya mapema, usijikute hospitali ya rufaa na kadi iliyofungwa.

Fedha zikiingia, simu zitaanza. Mimi nilipigiwa na mtu aliyejua jina langu na shule yangu, akitaka nitume laki mbili "kuharakisha mafao". Mafao hayaharakishwi kwa pesa. Kata simu.

Kuhusu kuzitumia, nina maoni yangu na sitayaficha. Wengi huku kwetu hukimbilia kununua shamba la paini Mufindi. Mti ni mzuri, lakini ukipanda mche ukiwa na miaka 60 unaupandia mjukuu wako, na huo uamuzi uwe wa makusudi. Parachichi la kubebeshwa linaanza kuzaa ndani ya miaka michache, ila linataka maji, mbolea na mtu wa kulilinda. Mimi nilimalizia nyumba, nikatenga ya kuishi miezi sita bila kugusa, na iliyobaki nikanunua hatifungani ya Serikali. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka na hainiombi dawa ya kunyunyizia.

Halafu wategemezi. Waandikishe mwenza na watoto wakati ungali kazini, na cheti cha ndoa kiwepo. Mstaafu akifariki, wategemezi wake hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36. Jirani yangu mmoja alifunga ndoa ya kimila miaka ya themanini, bila karatasi yoyote. Mke wake alizunguka mahakamani mwaka mzima na matanga yakiwa bado mabichi.

Yule binti wa Iringa alinitumia picha jana. Barua ilikuwa kwa mama yake kweli, ndani ya Biblia. Amekuta pengo la miezi miwili mwaka 2011, na Jumatatu anakwenda halmashauri na hati zake za mshahara.