Ukikopa mwambao kwa gemu yako, anza na upepo

Anayetaka kutunga dunia ya njozi yenye sura ya kwetu, mwambao wa Afrika Mashariki, iwe kwa gemu ya mezani au ya kompyuta, mara nyingi huanzia pale pale: mji wa mawe, milango ya nakshi, sultani, karafuu, majahazi yametia nanga. Kisha wachezaji wanaingia, wanauzunguka mji, wananunua jambia, wanapanda chombo na kuondoka zao. Hakuna kilichowazuia wala kilichowagusa. Mji wenyewe ungeweza kuwa popote.

Shauri letu ni moja, na mengine yanatoka humo: kopa sababu pamoja na matokeo yake, au usikope. Majina, sura za watu na tarehe waachie wenyewe.

Tuanze na upepo, maana ndio uliojenga miji hii. Kaskazi huvuma takriban Disemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi, na katikati huja malelezi, upepo usio na msimamo. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi viliteremka na kaskazi vikarudi na kusi, ila Juni na Julai kusi huchafua bahari ya Arabuni kiasi cha manahodha kutoithubutu. Mfanyabiashara aliyefika Januari basi hakuwa na njia ya kurudi kwao wiki ya pili. Alikaa miezi. Alipanga nyumba, alikopa, alikopesha, alioa, aligombana na jirani. Ukiweka mji wenye watu wa kila asili bila ya upepo huo, wageni hawana sababu ya kuwapo, na mchezaji hulihisi jambo hilo hata kama hajui kulieleza.

Kwenye kanuni, kata mwaka wa gemu vipande vinne. Wakati wa kaskazi, safari ndefu ya kwenda kusini ichukue siku zake za kawaida na ile ya kwenda kaskazini ifungwe kwa vyombo vikubwa. Kusi iwe kinyume chake, lakini miezi miwili ya katikati funga safari zote za mbali. Malelezi yaachie kete. Vyombo vidogo vinaweza kupiga bisho, kwa hiyo viruhusu kwenda dhidi ya upepo kwa muda mara tatu. Unguja na Pemba zimetengana kilomita 50 hivi. Chombo kinachokwenda kilomita 8 kwa saa huvuka kwa saa sita au saba upepo ukiwa mzuri, na ukikibishia, mabaharia wako watalala baharini. Hapo tayari una usiku wa hatari bila ya kuleta joka.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mtungaji anaeleza pepo za misimu kwa ufasaha kwenye utangulizi, halafu kwenye jedwali la safari anaandika “jahazi, siku 5, popote”. Wachezaji husoma jedwali. Utangulizi husomwa na mtungaji na mama yake. Weka upepo kwenye jedwali lenyewe, na uyafunge madeni yote ya mji kwenye siku upepo unapogeuka. Mwenye deni anataka kuondoka, mdai anamngoja gatini, na wachezaji wako wako katikati.

Hesabu ya siku pia ipo ya kukopa. Mwaka wa mabaharia wa mwambao, ule unaofunguliwa kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, ni wa siku 365 na huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36 na siku tano juu yake. Kwa gemu hiyo ni neema. Chapisha kadi 36, kila mwongo kadi yake, na siku tano za ziada zifanye za kutosafiri. Kukumbuka mwezi upi una siku 30 na upi 31 kunawachosha watu bure.

Nyumba ndiyo inayokosewa kuliko vyote. Dari ya nyumba ya mawe ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo huwa na urefu wake. Upana wa chumba ukabaki chini ya mita tatu hivi, ingawa urefu wa chumba unaweza kuendelea upendavyo. Palipohitaji upana, kama msikitini, paliwekwa safu za nguzo. Sasa tazama ramani za gemu nyingi: ukumbi mraba wa mita 12 kwa 12, mtupu, eti nyumba ya tajiri wa mwambao. Ramani yako ikiwa ya miraba ya mita moja na nusu, chumba kiwe miraba miwili kwa upana na sita au saba kwa urefu. Mapigano yanabadilika papo hapo. Watu wawili tu ndio wanaoweza kusimama bega kwa bega, mkuki una thamani kuliko upanga mrefu, na aliyeshika mlango ameshika nyumba. Weka na baraza nje, kwani mgeni wa kawaida huishia hapo. Kuingizwa ndani kuwe ni jambo la kutafutwa.

Pesa nazo zina mantiki yake. Reale ya fedha ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28, iliandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, hata ile iliyopigwa karne nzima baadaye, kwa sababu wapokeaji waliiamini sura ile ile. Kwa hiyo sarafu ya mgeni yenye fedha safi zaidi inaweza kukataliwa sokoni kwako kwa kuwa tu haijulikani. Bara, nguo ya merikani na shanga ndizo zilizonunua vitu, na shanga iliyopendwa kijiji hiki ilidharauliwa kijiji cha pili.

Usiweke aina saba za pesa, lakini. Tatu zinatosha: sarafu kwa wageni na bandari, nguo kwa safari za bara, nafaka kwa maisha ya kila siku. Nafaka ipimwe kwa vibaba, vinne kwa pishi, na kibaba kimoja kiwe posho ya mtu kwa siku. Fanya hesabu uone inakokupeleka. Msafara wa wapagazi 40 kwa siku 30 hula vibaba 1,200, yaani pishi 300, kilo 840 hivi. Mpagazi akibeba frasila mbili, kilo 32, chakula peke yake kinakula karibu mizigo 26 kati ya 40. Imebaki 14 ya biashara. Ndiyo maana msafara ulilazimika kununua chakula njiani, ndiyo maana ulihitaji shanga sahihi, na ndiyo maana mtu anayeijua fasheni ya shanga ya mwaka huu ana thamani kuliko askari watano. Huyo ni mhusika kamili, ametoka kwenye hesabu ya kibaba.

Hadi hapa mkopo ni rahisi. Ugumu uko kwenye karafuu.

Kila mtu anaitaka karafuu: harufu, majamvi ya kuanikia, makonyo, bei. Kimbunga cha 1872 ni zawadi kwa mtungaji, kwani kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa salama. Mkarafuu mpya huchukua miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha, hivyo kisiwa kilichokuwa nyuma kikawa mbele. Pigo moja la upepo, na uzito wa visiwa viwili umehama. Lakini mashamba yale yalipandwa na kuchumwa na watumwa. Ukichukua utajiri wa karafuu, majumba na sultani, ukawaondoa waliochuma, umekopa matokeo ukaacha sababu, na hapa si kosa la ufundi tu. Ni uongo ambao wajukuu wa watu hao watausoma.

Njia ni mbili. Ya kwanza, badilisha kazi kwelikweli na ukubali gharama yake: wachumaji ni wakulima huru wenye miti yao michache, kwa hiyo hakuna mwenye shamba wa kutisha, mavuno yanacheleweshwa na mazishi na harusi, na majumba ya mjini ni madogo. Dunia hiyo inachezeka vizuri. Ya pili, uweke utumwa, na hapo kuna masharti. Mtu asiwe na bei kwenye jedwali la bidhaa. Mchezaji asipate faida ya kanuni kwa kumiliki watu. Watumwa wawe wahusika wenye majina, ujuzi, hila na mipango yao, wala wasiwe kundi la kuokolewa. Na kabla ya kete ya kwanza kurushwa, mwendesha gemu aulize kila aliyekaa mezani, faraghani, kama yuko tayari. Mmoja akikataa, meza inacheza njia ya kwanza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Hizo ni enzi za babu wa babu, si za kale.

Kwa hiyo tunapima mkopo kwa umbali wa wakati. Kabla ya 1500 jisikie huru zaidi. Msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya 1107, magofu ya Ras Mkumbuu, hazina ya Mtambwe Mkuu iliyofukuliwa 1984 ikiwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ngome ya Pujini na visa vya ukatili wa mtawala wake, Mkama Ndume: hapa ushahidi una mapengo, na pengo ndipo njozi inapokaa kwa adabu. Kati ya 1500 na 1900, badilisha angalau mambo matatu katika haya: mahali, dini, silaha, chanzo cha ugomvi, nani alishinda. Baada ya 1900 chukua swali peke yake, usichukue tukio. Mapinduzi ya 1964 yaache kabisa, hata kwa jina la kubuni. Mezani pako wanaweza kuwa wamekaa watoto wa pande zote mbili, na gemu haina nyenzo za kulibeba jambo hilo Jumamosi usiku baina ya watu wanaokula kachori.

Hata pasipo majeraha, tukio la kweli halifai tu kwa kuwa ni la kweli. Vita vya Zanzibar na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 vilimalizika kwa dakika 38 hivi. Vitie kwenye gemu kama vilivyo, na wachezaji watalalamika kwamba mwendesha gemu amewaonea. Sababu za vita hivyo hazikuwa ndani ya ramani: Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na manowari zilizoipiga kasri zilikuwa za dola hiyo. Ukitaka pigo la namna hiyo, dola ya nje ionekane mapema: konsuli anayeshauri, deni lisilolipika, manowari inayofika kwa ziara ya heshima. Ionekane mara tatu kabla ya kufyatua.

Utawala wa tabaka mbili nao ni mkopo mzuri usiotumiwa sana. Sultani alikaa mjini, na Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa wenyeji, alikaa Dunga mashamba na siwa (baragumu la enzi) na ngoma zake, akikusanya kodi kwa Wahadimu, wenyeji wa Unguja. Wachezaji wakitaka ruhusa ya kuchimba kisima mashamba, waende kwa nani? Wakikosea mlango, wamewaudhi wawili. Hili lina ladha kuliko mfalme mmoja mwenye taji.

Imani inahitaji mkono mwepesi. Usiifanye aya ya Qur'ani uchawi wa moto, wala usiifanye kombe kuwa kinywaji cha kuongeza nguvu. Watu wanayanywa maandishi yale ya zafarani kwa matumaini, leo. Mizimu yenye majina yake mapangoni usiiguse. Kinachokopeka ni muundo: pepo hupanda kichwani kwa aliye kiti chake, yaani mtu anayepandwa naye, hudai nguo, ubani na ngoma, hukubaliana na mganga, na ahadi isipotimizwa hurudi. Nguvu za uganga kwenye gemu yako basi ziwe deni lenye tarehe. Kulala usiku mmoja kusizirudishe.

Kuhusu majina, kupindua herufi za Unguja hakufichi kitu, na kunamwalika msomaji akukague kila mstari. Tunga majina mapya kwa silabi zetu, yasikike ya mwambao bila kumsema mtu.

Kabla ya kuchapisha, mpe rasimu mtu wa Tumbatu, wa Makunduchi, wa Wete, mmoja mmoja, na umlipe kwa muda wake. Usimuulize kama ameipenda. Kwa adabu atasema nzuri. Muulize ni nani ndani yake anamfahamu, ni wapi amepatambua, na ni ukurasa gani asingeusoma mbele ya wazee wake. Akikutajia jina ambalo bado linatambikiwa, libadilishe kwenye ramani, kwenye kadi na nyuma ya sanduku, maana likisahauliwa sehemu moja, hiyo ndiyo itakayopigwa picha na kusambazwa.