Muulize Dokta: Panya wakiunganishwa, damu inapitaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma baiolojia mwaka wa pili, tumeambiwa homoni ya shibe ilitafutwa kwa kuwaunganisha panya wawili wazima, mwalimu akasema tu "waliunganishwa" akapita. Sasa mishipa ya panya ilivyo midogo vile, nani aliishona? Na wanabaki hai kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mishipa haishonwi kabisa, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Panya wanapigwa nusu kaputi, wananyolewa ubavuni, ngozi inapasuliwa toka kiwiko mpaka goti, viwiko na magoti yao yanafungwa kwa uzi ili mmoja akikimbia huku asimvute mwenzake mpaka mshono ukafumuka, halafu ngozi inashonwa kwa ngozi. Basi. Kidonda chenyewe kikiwa kinapona kinaota vimishipa vidogo sana, kapilari, vinavuka toka kwa huyu kwenda kwa yule, na kama wiki mbili hivi damu inakuwa inapita vizuri.

Paul Bert wa Ufaransa alishafanya hivi miaka ya 1860, na mwaka 1933 Bunster na Meyer wakaboresha upasuaji kwa kushikiza na mifupa ya bega.

Ila damu inapita polepole, na hili ndo la kushika kwenye homoni. Homoni inayodumu kwenye damu inamfikia mwenzake, inayoharibiwa haraka na ini haimfikii ya kutosha. Chukua panya jike aliyetolewa ovari, mwunganishe na jike mzima: pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) ya yule wa kwanza inamwaga homoni nyingi kwa kuwa hakuna wa kuizuia, homoni zinavuka, ovari za mwenzake zinavimba, lakini estrojeni, homoni ya ovari, ya huyo mwenzake hairudi ya kutosha kuituliza ile pituitari. Mimi nikiona jibu la "hakuna kilichotokea" kwenye majaribio haya huwa najiuliza kwanza, je hiyo homoni ilivuka?

Hiyo ya shibe sasa. Mwaka 1959 mtafiti Hervey aliharibu hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza kula, ya panya mmoja, akanenepa ovyo, na yule aliyeunganishwa naye akaacha kula akakonda. Halafu Douglas Coleman, maabara ya Jackson kule Marekani, akawa na aina mbili za panya wanene wa kurithi, ob na db. Db akiunganishwa na mzima, mzima anakufa njaa na chakula kipo mbele yake. Db na ob, anayekufa njaa ni ob. Ob na mzima, ob anapunguza kula. Yaani ob hana homoni ila anaisikia, db anayo tele ila haisikii, na Coleman alisema hivyo kabla homoni yenyewe haijaonekana, maana jeni yake Friedman na wenzake waliipata 1994, na homoni hiyo ndo leptini.

Kuhusu kubaki hai, wengi wanabaki, si wote. Mtafiti McCay miaka ya 1950 aliunganisha jozi 69 na 11 zikafa kwa ugonjwa wa kukataana, yaani mwili wa mmoja kuukataa wa mwenzake. Ndo maana wanachaguliwa wa ukoo mmoja, wanaolingana uzito, waliokaa kizimba kimoja kabla ya upasuaji wakazoeana, na wakiamka wapewe dawa ya maumivu, joto, na chakula kiwekwe chini maana hawawezi kujinyanyua kukifikia juu. Asiyeweza kuwapa hayo asiwaguse. Na jaribio likiisha wanaweza kutenganishwa, ni upasuaji mwingine wenye uangalizi uleule.