Kidole tumbo kilipasuka au hakikupasuka?

Binti yangu alipotolewa kidole tumbo aliruhusiwa kesho yake na panadol tu. Nikamfuata nesi hadi mwisho wa korido: "Dada, umesahau antibayotiki." Akanijibu taratibu kwamba mtoto alishapewa dozi kabla ya kuingia thieta, inatosha. Sikuridhika. Nikapita duka la dawa pale kituoni, nikanunua amoksilini, akaharisha siku mbili huku kidonda kikimuuma kila akichuchumaa. Kosa langu.

Ilipofika zamu ya mdogo wake, miaka 7, tulidhani ni minyoo kwa sababu maumivu yalianzia kitovuni. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kidole kilishapasuka, usaha umetapakaa.

Hapo ndipo nikaelewa. Kidole kikitoka kabla hakijapasuka, dozi ya kabla ya kisu inatosha kukinga kidonda. Kikipasuka, uchafu wa utumbo umeshamwagika tumboni, kwa hiyo dawa zinaendelea, na ziwe zinaua bakteria wa kawaida wa utumbo pamoja na wale wanaoishi pasipo hewa. Wangu alipewa seftriaksoni mara moja kwa siku na dripu ya metronidazo, flajili hiyohiyo tunayoijua. Kuna wanaopewa ampisilini, jentamisini na metronidazo. Nayo inafanya kazi, ila mtoto anaguswa kanula (kile kibomba cha dawa kwenye mshipa) mara nyingi zaidi na jentamisini inataka figo ziangaliwe. Mpime mtoto kwenye mizani, usitaje kilo za kukadiria. Dozi zote zinapigiwa hesabu hapo.

Siku ya pili akasukuma kikombe cha uji. "Mama, mdomo una ladha ya sarafu." Ni flajili, ikiisha, ladha nayo inakwisha. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi usipige kelele wodini kama mimi.

Siku ya nne homa ilikata, akala, akajamba (sijawahi kufurahia ushuzi namna ile), akahamishiwa amoksiklavu ya maji, antibayotiki ya kunywa. Hii inachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa, inakaa kwenye friji, inatikiswa kila mara, na baada ya siku 7 iliyobaki inamwagwa. Sisi hatuna friji. Chupa ilikaa kwa jirani, nikawa nabisha hodi asubuhi na jioni.

Nyumbani nilikuwa naangalia homa kurudi, kutapika, kidonda kutoa usaha, au kwenda choo kidogokidogo chenye makamasi. Huenda ni jipu ndani ya tumbo, na hilo linatafutwa kwa ultrasaundi hospitali, si kwa kubadilishiwa vidonge dukani.

Homa ilirudi siku ya tisa, saa nane usiku. Tukakimbia na bodaboda, mtoto katikati. Ultrasaundi ikaonyesha tumbo safi. Kipimo cha damu kikasema malaria.