Nimeandikiwa dawa ya unyogovu na bado nanyonyesha: nifanyeje?

SWALI: Nilijifungua wiki tisa zilizopita hapa Kisumu, mtoto alitimiza miezi yake na ni mzima. Daktari ameniambia nina unyogovu, akaniandikia sertralini ya miligramu 50 kila asubuhi. Mama mkwe anasema dawa itaingia kwenye maziwa imlevye mtoto, afadhali nimwachishe nimpe maziwa ya ng'ombe. Dawa nimeinunua lakini naogopa kuimeza. – Mama wa Nyalenda

JIBU: Dada, meza dawa yako na uendelee kunyonyesha.

Mama mkwe amesema kweli kwamba dawa huingia kwenye maziwa. Karibu kila dawa huingia. Cha kuuliza ni kiasi gani. Sertralini, kama asilimia 98 yake, hushikamana na protini za damu yako, na hicho kidogo kinachobaki huru ndicho kinachoweza kupenya. Sisi wafamasia hulinganisha kiasi anachopata mtoto kwa kila kilo yake na kile anachomeza mama kwa kila kilo yake. Kikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida tunaridhika, na sertralini mara nyingi haifiki hata 3. Mama wa kilo 60 akimeza miligramu 50, na mtoto ana kilo 5, basi hata kwa hiyo asilimia 3 mtoto anapata takriban miligramu 0.12 kwa siku nzima. Watoto wengi waliopimwa damu wakinyonya, dawa haikuonekana kabisa au ilikuwa chembe tu. Huna haja ya kukamua na kumwaga maziwa, wala kuhesabu saa kati ya kidonge na kunyonyesha.

Dawa za unyogovu hazifanani zote. Fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi na huingia zaidi kwenye maziwa. Wako watoto walioripotiwa kulialia na kukosa usingizi. Amitriptilini, ambayo hospitali nyingi za umma huwa nayo, huingia kidogo, ila humpa mama usingizi mzito, kwa hivyo anayeimeza asilale kitanda kimoja na mtoto. Doksepini tunaiepuka. Lakini mama ambaye tayari anaendelea vizuri na fluoksetini asiiache wala kuibadilisha bila daktari wake.

Mtoto angezaliwa kabla ya wakati au akiwa na ugonjwa, ningekutaka uzungumze kwanza na daktari wa watoto, maana ini changa huondoa dawa polepole.

Sasa jambo moja ambalo akina mama wengi hawaambiwi. Watoto hulia zaidi wakiwa na umri wa wiki sita hivi, na huo ndio wakati ambao mama wengi huanzishwa dawa. Mtoto analia, dawa inalaumiwa, mama anaacha. Kwa hivyo leo, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, andika nyuma ya kitabu cha kliniki: analala vipi, ananyonya mara ngapi, analia saa ngapi jioni. Mpeleke apimwe uzito, kisha apimwe tena baada ya wiki mbili. Umri huu huongeza takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Ukiona analala hadi haamki kunyonya, anakataa ziwa, anatapika au kuharisha kuliko kawaida, au uzito umesimama, mrudishe hospitali ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Kinachonitia hofu zaidi ni hayo maziwa ya ng'ombe. Kabla ya mwaka mmoja yanamlemea mtoto figo kwa protini na chumvi, na madini ya chuma ni haba. Manyasi ya tumbo, yaani dawa za mitishamba za kumpa mtoto, pia yaache. Hakuna anayejua kipimo chake kwa mtoto wa miezi miwili. Wewe nawe usichanganye sertralini na vidonge vya usingizi au dawa nyingine bila kumwambia mfamasia kwamba unanyonyesha.

Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu au kichwa kuuma. Meza baada ya chakula. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, mara nyingine sita, na ukipata nafuu usiiache ghafla. Kama umewahi kuwa na siku za kutolala kabisa huku una nguvu na mawazo yanakimbia, mwambie daktari kabla ya kuanza, kwani hali hiyo matibabu yake ni tofauti.

Na ukipatwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukianza kusikia sauti, usingoje miadi. Mwachie mtu mtoto, nenda hospitali iliyo karibu wakati huo huo, usiende peke yako. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Mama mkwe anampenda mjukuu wake. Nenda naye kliniki ijayo amuulize daktari mwenyewe, na jioni akuchukulie mtoto baada ya kunyonya ili ulale saa chache. Usingizi huo unauhitaji pamoja na dawa.